Vali ya Moyo na Hesabu ya Damu

Homa ya baridi yabisi, ianzayo kwa maumivu ya koo utotoni, huharibu vali za moyo wa vijana wengi katika Afrika ya Mashariki. Kijana wa Didia, wilayani Shinyanga, yamkini akasafiri hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, akawekewe vali bandia.

Mwaka 1960 Albert Starr, daktari wa upasuaji, na Lowell Edwards, mhandisi, huko Marekani, walitia moyoni mwa mgonjwa tufe dogo la mpira lililofungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Damu ikapita, lakini penye kutuama, iliganda. Ni nani awezaye kuyaona hayo ndani ya kifua? Mwaka 1972 Charles Peskin, mwanahisabati, aliipa kompyuta kanuni za mwendo wa maji, na vali akaihesabu kama nyuzi zisukumwazo na damu, nazo zikiisukuma. Tangu hapo umbo la vali liliweza kujaribiwa kwa hesabu kabla ya kisu.

Hata hivyo kuganda hakukwisha. Mwenye vali bandia ya kimakanika hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote: ikipungua, damu huganda, ikizidi, humtoka. Hivyo damu yake hupimwa mara kwa mara, na kwa mtu wa Didia safari ya kipimo hicho haikufupishwa na kompyuta.