Mashine ya kupima mbio za gari: imekuwa shahidi tangu lini?

Askari wa barabarani akikusimamisha na kusema ulipita mbio kuliko sheria inavyoruhusu, anathibitisha kwa njia gani? Swali hili lina zaidi ya miaka 100, na linamgusa kila anayepita njiani, mwenye gari na mwenye pikipiki.

Tarehe 28 Januari 1896, huko Paddock Wood nchini Uingereza, Walter Arnold alipita na gari lake kwa mwendo wa karibu kilomita 13 kwa saa. Sheria iliruhusu kilomita 3 tu mahali pale. Askari alimfukuza kwa baiskeli mpaka akamfikia, na mahakama ikamtoza shilingi 1 kwa kosa la mbio. Wakati ule rada haikuwepo. Jicho la askari ndilo lilikuwa kipimo.

Lakini jicho hukosea. Ndiyo maana sheria ya magari ya mwaka wa 1903, iliyoweka kikomo cha karibu kilomita 32 kwa saa, ilisema pia kwamba dereva asihukumiwe kwa sababu tu shahidi mmoja anadhani alikuwa mbio. Basi askari wakapima urefu wa kipande cha barabara, wakajificha nyuma ya vichaka na saa mkononi, wakahesabu sekunde. Madereva wakaita hiyo mtego. Mwaka wa 1905 chama cha Automobile Association kilianzishwa, na watu wake walizunguka kwa baiskeli kuwaonya wenye magari.

Rada ilikuja barabarani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Inatuma mawimbi, yakigonga gari linalotembea, yanarudi yamebadilika, na badiliko hilo linaonyesha mwendo. Mwaka wa 1947 polisi wa jimbo la Connecticut nchini Marekani walianza kuijaribu huko Glastonbury. Mwaka wa 1955, katika kesi ya Dantonio, mahakama kuu ya New Jersey ilikubali rada kuwa ushahidi, bila kumleta mtaalamu kila mara. Iliweka sharti moja: ithibitishwe kwamba mashine ile ilikuwa nzima na ilitumiwa vizuri.

Kisha mwaka wa 1979, mjini Miami, televisheni ikaonyesha rada ya polisi ikisema kwamba mti unakimbia kilomita 138 kwa saa, na nyumba kilomita 45. Jaji Alfred Nesbitt alisikiliza wataalamu, kisha akakataa vipimo vya rada katika kesi zilizokuwa mbele yake. Kosa halikuwa katika elimu ya mawimbi. Lilikuwa katika vifaa vyenyewe na katika mafunzo madogo ya waliovishika.

Hapa kwetu Kongo, sheria ya barabara ni Na. 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mbio zinaua, hasa njia inapojaa watembea kwa miguu, watoto na familia zilizobeba mizigo kichwani, na polisi wana kazi ya kuzizuia. Lakini historia inaonyesha kwamba mahakama hazikuiamini mashine bure. Ziliuliza: ilikaguliwa lini? Aliyeishika alifundishwa? Ilipima gari lipi? Maswali hayo yanamlinda dereva asiye na kosa, na yanampa nguvu askari anayefanya kazi yake kwa haki.