Kikoa cha mji

Kikoa cha mji ni anwani ya intaneti inayoishia na jina la mji badala ya nchi. Barani Afrika, Johannesburg, Cape Town na Durban zilipata vikoa vyao mwaka 2014: .joburg, .capetown na .durban. Kenya haina hata kimoja. Nairobi yenyewe haina, sembuse Nuu, wadi ya Mwingi ya Kati katika Kaunti ya Kitui. Si ajabu, kwani katika awamu ya kuomba vikoa vipya ya mwaka 2012 ada ya ombi ilikuwa dola 185,000 za Marekani.

Mfanyabiashara wa Nuu hutumia njia rahisi: jina la mahali hutangulia, kikoa cha nchi hufuata. Muuza asali au ndengu anaweza kuomba, kwa mfano, asaliyanuu.co.ke kupitia msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, msimamizi wa .ke. Jina huruhusu herufi, tarakimu na kistari, lisizidi alama 63. Aliyewahi ndiye hulipata. Tena hulipiwa kwa kipindi, halinunuliwi moja kwa moja. Asiyelipia upya hulipoteza, na mwingine yeyote anaweza kulichukua, hata asiyewahi kufika Nuu.