Kyela Katika Tanbihi: Historia ya Kutaja Vyanzo vya Mwambao wa Nyasa

Vitabu vya mwanzo vya Wazungu kuhusu ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, nchi tambarare ambayo leo ni Wilaya ya Kyela, vilitegemea zaidi macho ya msafiri kuliko maandishi ya waliomtangulia. James Frederic Elton, konseli wa Uingereza nchini Msumbiji, alipita huko mwaka 1877 akafariki Ugogo kabla ya mwaka kwisha. Daftari zake zilihaririwa na mwenzake wa safari, H. B. Cotterill, zikatoka kitabu London mwaka 1879. Tangu hapo kila anayekitaja hulazimika kuandika majina mawili: la marehemu kama mwandishi, na la Cotterill kama mhariri. Joseph Thomson alifika Septemba 1879, msafara wake ukiongozwa na Chuma, yule yule aliyekuwa na Livingstone. Kitabu chake kilitoka mwaka 1881.

Mwaka huo huo, mbali kabisa na Nyasa, Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti wa mayai ya konokono asiye na gamba. Badala ya kurundika maelezo chini ya ukurasa, aliweka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, kisha akapanga orodha kamili mwishoni. Huo ndio mzizi wa mtindo unaoitwa wa Harvard, ambao sasa majarida mengi ya sayansi ya jamii hudai, Tanzania ikiwemo.

Wajerumani waliotawala mwambao huo hawakuandika hivyo. Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin, aliyefika mwaka 1891, alitoa kitabu chake mwaka 1894. Daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn akafuata mwaka 1906 na juzuu nene juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma, kwa desturi ya Kijerumani ya tanbihi chini ya ukurasa. Kwa bahati, 1906 ndio mwaka ambao Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha toleo la kwanza la mwongozo wake, ambao mpaka leo ni kimbilio la wanahistoria wanaopenda tanbihi. Anayemsaka Mnyakyusa, mwenyeji wa Kyela, katika vitabu hivyo vya Kijerumani atapitwa asipojua kwamba aliitwa Mkonde, jina ambalo halihusiani na Wamakonde wa kusini mashariki. Hata D. R. MacKenzie, mmisionari wa Kiskoti, bado aliandika Konde katika jina la kitabu chake cha mwaka 1925.

Hapo kanuni ni moja na haina msamaha: jina la kitabu huandikwa kama lilivyochapishwa. Ziwa likiwa Njassa kwenye jalada la Merensky, libaki Njassa katika orodha, na kituo cha Ipyana kikiandikwa Ipiana na wamisionari Wamoravian, kiachwe hivyo ndani ya jina la chapisho. Masahihisho ni ya matini ya mwandishi mwenyewe. Majina ya utawala nayo hubadilika: mji wa Tukuyu wa leo ni Neu-Langenburg ya Wajerumani, na Kyela yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo ripoti ya mwaka 1955 kuhusu mpunga wa Kyela hutajwa kama ya Rungwe. Mwandishi makini humweleza msomaji hivyo mara moja, mapema, kisha akaendelea na kazi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mume na mke, wote wanaanthropolojia. Godfrey Wilson alianza utafiti Unyakyusa mwaka 1934, na Monica, aliyezaliwa Hunter, akamfuata mwaka uliofuata. Godfrey alichapisha kijitabu kuhusu haki za ardhi za Wanyakyusa mwaka 1938, na kingine kuhusu utawala wa Ngonde mwaka 1939. Alifariki mwaka 1944. The Analysis of Social Change, kitabu chao wote wawili, kilitoka mwaka 1945. Kisha Monica peke yake akatoa Good Company (1951), vitabu viwili vya mila mwaka 1957 na 1959, na For Men and Elders mwaka 1977. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1936 kuhusu Wapondo, kina jina la Monica Hunter.

Mwanafunzi anayeandika (Wilson, 1938) na (Wilson, 1951) bila zaidi amewageuza watu wawili kuwa mmoja, na kosa hilo ni la kawaida mno. Mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ulioanzia kwenye makala fupi ya mwaka 1929, hutaka herufi ya kwanza ya jina iongezwe kila mahali waandishi wanapochangia jina la ukoo: G. Wilson (1938), M. Wilson (1951). Hunter wa 1936 hubaki Hunter.

Lipo jambo ambalo mabano hayo hayawezi kulibeba. Maarifa yaliyomo katika vitabu vya akina Wilson yalitoka kwa watu kama Kasitile, kuhani wa mvua, na yalipita mikononi mwa makarani wa Kinyakyusa kama Leonard Mwaisumo. Monica alimtaja Kasitile kwa jina ndani ya maandishi, jambo ambalo wanaanthropolojia wengi wa wakati wake hawakulijali. Lakini anayenukuu maneno ya Kasitile leo huandika Wilson 1959, na kuhani hupotea njiani. Dawa yake si ngumu: msemaji atajwe ndani ya sentensi, kitabu kikae kwenye mabano. Anayetaka kurudi nyuma zaidi ataomba daftari zenyewe Chuo Kikuu cha Cape Town, mkusanyo BC880. Hapo tanbihi ya kweli hutaja mkusanyo na jalada, si kitabu tu.

Nyaraka nazo zina mtego wake. Kwa miaka mingi TNA katika vitabu vya historia ya nchi hii ilimaanisha Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 2003 hifadhi ya taifa ya Uingereza ilibadilisha jina, na kifupi chake nacho kikawa TNA. Makala ya Kyela hutumia zote mbili, kwani barua ya ofisa wa Tukuyu inaweza kuwa Dar na nakala yake London. Wahariri wenye busara hudai mji uandikwe, au kifupi kielezwe mwanzoni.

Madaktari walichukua njia yao. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, wakakubaliana juu ya namba: chanzo cha kwanza kutajwa ni 1, kinachofuata 2, na orodha hufuata mpangilio huo. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilipochapisha utafiti kuhusu minyoo ya matende na maambukizi ya VVU kusini magharibi mwa Tanzania, Kyela ikiwa kitovu chake, marejeleo yalikuwa ya namba. Mtindo huu huokoa nafasi, lakini majarida mengi ya tiba huikata orodha ya waandishi baada ya majina machache. Watafiti wa Mbeya waliokaa katikati ya orodha ndefu humezwa na maneno “na wenzake”.

Programu za kupanga marejeleo, kama Zotero iliyotoka mwaka 2006, zimepunguza kazi ya nukta na mikato, lakini zina makosa yao. Ukijaza Tanzania National Archives katika sehemu ya jina la mtu, orodha itatoa “Archives, T. N.”, na wahariri wameshaliona mara nyingi. Jina la taasisi huingizwa katika uwanja mmoja tu. Majina kama Mwakyusa na Mwaikambo hukaa yote chini ya M bila kukatwa, ilhali Hermann von Wissmann huwekwa chini ya W. Makala za zamani za jarida la Africa sasa zina namba ya kudumu ya kidijitali (DOI), nayo iandikwe. Fülleborn akisomwa kwenye karatasi hahitaji namba hiyo, na mahali pake huachwa wazi bila kubuni kitu.