Karatasi, Boga na Mkono wa Mtoto: Historia Fupi ya Halloween na Vitu vya Ukumbusho

Utangulizi

Siku hizi, kutoka Bukavu hadi Lubumbashi, jamaa zisizo na mtoto ao ndugu kule Ulaya ao Marekani ni chache. Kila mwisho wa mwezi wa kumi picha zinaingia mu telefoni: mjukuu wa miaka mine ameshika boga la karatasi lenye macho na meno, ao amevaa kofia nyeusi ndefu yenye ncha. Wazazi wa huku wanatazama picha hiyo. Wengine wanacheka tu. Wengine wanauliza na woga: kumbe kule masomoni wanafundisha watoto wetu ulozi?

Ulizo hilo si la kuchekelea, kwa kuwa kwetu neno "ulozi" limekwisha kuharibu maisha ya watoto wengi. Lakini linaomba jibu la historia, si jibu la woga. Katika kurasa hizi tutaangalia sikukuu inayoitwa Halloween ilitoka wapi, namna gani karatasi na makasi viliingia ndani yake, na juu ya nini mama wa kule anaweka karatasi iliyopakwa rangi ovyo ndani ya sanduku kwa miaka makumi mbili. Mwishoni tutarudilia ulizo la ulozi.

1. Ilikuwa siku ya wafu

Kwanza tuelewe majira. Kule Ireland na Scotland, ambako jambo hili lilianzia, mwezi wa kumi na moja ni mlango wa baridi. Mavuno yamekwisha, nyama za kufuga zimerudishwa kutoka malishoni, usiku unakuwa mrefu. Miti inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani ya majani. Basi rangi ya manjano iliyokuwa imefichama chini yake inaonekana, na nyekundu inaongezeka kwa miti mingine, kisha majani yanaanguka. Kwetu miti haifanyi hivyo yote kwa mara moja. Kwa watu wasiokuwa na umeme, kuona pori zima linabadilika na kubaki uchi kwa majuma machache lilikuwa jambo la kutia mawazo. Watu wa zamani wa kule waliita mwanzo wa majira hayo Samhain. Waliwasha mioto mikubwa, na waliamini kwamba usiku ule njia kati ya wazima na wafu inafunguka.

Kanisa nalo lilikuwa na Sikukuu ya Watakatifu Wote, na katika karne ya 9 desturi ya kuifanya tarehe 1 mwezi wa 11 ilienea katika Ulaya ya magharibi. Karibu na mwaka 1000, Odilo, mkubwa wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, aliweka tarehe 2 kuwa siku ya kuombea marehemu wote. Wakatoliki wa kwetu wanaijua vizuri. Jina Halloween lenyewe maana yake ni mkesha wa Watakatifu, ni kusema mangaribi ya tarehe 31 mwezi wa 10. Katika Uingereza ya zamani, maskini na watoto walipita mlango kwa mlango, wakapewa mikate midogo, nao wakaahidi kuombea wafu wa nyumba ile. Huo ni mmoja wa mizizi ya desturi ya watoto wa leo wenye wanapiga hodi na kuomba bonbon.

Mkongomani hawezi kushangaa sana. Sisi pia tuko na tarehe 1 mwezi wa 8, sikukuu ya wazazi. Asubuhi watu wanaenda makaburini na jembe na fagio, wanasafisha mahali wazazi wao wamelala. Kisha mchana na mangaribi wanafurahi pamoja na wazazi wenye wangali wazima. Kilio asubuhi, kicheko mangaribi: mambo hayo mawili yanaweza kukaa mu siku moja bila ugomvi.

2. Toka nave mpaka boga

Watoto wa Ireland na Scotland walikuwa wakichukua nave, ile mboga ya mizizi, wakaitoboa ndani, wakaikata macho na mdomo, wakaweka mshumaa. Taa hiyo ya sura mbaya ilikuwa ya kufukuza pepo, na pia ya kushtusha jirani. Katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland kunaonyeshwa nakala ya plasta ya taa moja ya namna hiyo, iliyotoka Donegal. Taa yenyewe ilikuwa inaharibika, sababu nave ni chakula, inanyauka na kuoza. Njo maana walitengeneza nakala. Tushike jambo hilo: kitu cha mtoto hakikai, isipokuwa kuna mtu mzima aliyeamua kikae.

Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland. Mpaka mwaka 1852 watu karibu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja walikimbia nchi, wengi wao kwenda Marekani. Hawakubeba mali. Walibeba paka desturi. Kule walikuta boga, tunda la udongo wa Amerika, kubwa kuliko nave, laini kutoboa, lenye rangi ya machungwa. Basi taa ya wakimbizi ikahamia ndani ya boga. Sisi wenye tumeona watu wetu wakikimbia na mafurushi kichwani tunaweza kuelewa: mtu anapoteza nyumba, lakini anafika ugenini anatafuta kitu cha huko kitakachofanana na cha kwao.

Hata Ubelgiji, nchi ambayo historia yetu inaijua sana, kuna kitu cha jamaa hiyo. Upande wa Eupen, karibu na tarehe 11 mwezi wa 11, siku ya Mtakatifu Martin, watoto wadogo wanatembea usiku na taa za karatasi walizozitengeneza masomoni. Hapo hakuna sura ya kutisha. Ni mwangaza tu.

3. Mwalimu Fröbel na karatasi ya kukunjwa

Lakini karatasi iliingia namna gani mu mikono ya watoto? Zamani karatasi ilifanywa na vitambaa vikuukuu, na bei yake ilikuwa juu. Kumpa mtoto wa miaka mine karatasi akate-kate ilikuwa ni kutupa makuta. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo katika karne ya 19.

La kwanza ni mtu, Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782. Mama yake alikufa yeye angali mtoto wa kunyonya, na pengine ndiyo sababu alifikiri sana juu ya watoto wadogo. Mwaka 1837 alifungua nyumba ya mafundisho huko Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina Kindergarten, ni kusema bustani ya watoto. Kwake mtoto alijifunza na mikono: kukunja karatasi, kukata, kusuka vipande vya karatasi sawa vile tunasuka mkeka, kutoboa na kushona. Fröbel hakutaka kazi hiyo iwe ya kupoteza wakati tu. Aliona kwamba mtoto akikunja karatasi mara mbili, amekwisha kugusa hesabu.

Serikali ya Prussia ilimwogopa. Mwaka 1851 ilifunga shule hizo, ikisema zinaleta mawazo mabaya juu ya Mungu na serikali. Fröbel alikufa mwaka 1852 akiwa mu huzuni hiyo. Katazo liliondolewa mwaka 1860. Lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kusafiri. Margarethe Schurz alifungua shule ya namna hiyo huko Watertown, Wisconsin, mwaka 1856, kwa watoto wenye kusema Kijerumani. Mwaka 1860 Elizabeth Peabody alifungua nyingine Boston kwa wenye kusema Kiingereza. Mwaka 1873 Susan Blow aliiingiza mu shule za serikali huko St. Louis. Ubelgiji nao walipokea mafundisho hayo, hata Waflamand waliita shule ya watoto wadogo kwa jina la Fröbel. Maternelle zetu, na kazi zake za mikono, ni wajukuu wa mwalimu huyo.

La pili ni mti. Katika miaka ya 1840 mafundi waligundua namna ya kusaga mbao na kupata ubao laini wa karatasi. Kidogo kidogo bei ilianguka. Karatasi ya rangi ikawa kitu cha kila darasa.

4. Biashara inaingia

Penye watoto na karatasi, wachuuzi hawakawii. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyoanza mwaka 1844 na vikasha vya kuwekea vito, ilikuja kuuza karatasi laini yenye mikunjo-mikunjo. Mwaka 1909 ilitoa kitabu kidogo cha kufundisha watu kupamba nyumba na kushona nguo za Halloween kwa karatasi hiyo. Kuanzia mwaka 1912 kilitoka karibu kila mwaka mpaka miaka ya 1930. Paka weusi, popo, mwezi wa manjano, boga lenye kucheka: zile sura zote tunaona mu picha za wajukuu zilipita mu vitabu vya namna hiyo. Zilikuwa za kutumia usiku mmoja, kisha kutupa. Leo wakusanyaji wa vitu vya zamani wanazinunua kwa bei kubwa, juu ya kwamba zilizobaki ni chache.

5. Kile watoto wanatengeneza, na juu ya nini kinawekwa

Tuangalie sasa kazi yenyewe. Kwa boga, mtoto anakata vipande virefu vya karatasi ya rangi ya machungwa, anavipanga sawa vile nyota, kisha mtu mzima anavikunja na kuvifunga juu: linatokea boga la mviringo, lenye hewa ndani. Kwa popo, wanakunja karatasi nyeusi katikati na kuchora bawa moja tu; wakikata na kufungua, mabawa ni mawili na yanalingana. Hapo Fröbel angefurahi. Majani yaliyoanguka yanaokotwa njiani, yanakaushwa ndani ya kitabu kizito, yanabandikwa na kole.

Kuna kazi nyingine yenye maana zaidi. Mguu wa mtoto unapakwa rangi nyeupe na kupigwa juu ya karatasi nyeusi. Wakigeuza karatasi, kisigino kinakuwa kichwa; wanaongeza macho mawili, na mzimu mdogo umetokea. Mwezi wa kumi na moja, kwa sikukuu yao ya shukrani, mkono wa mtoto unachorwa kandokando: kidole gumba kinakuwa kichwa cha dindoni, vidole vine manyoya. Nyuma ya karatasi mama anaandika jina na mwaka.

Mwaka unaofuata wanafanya tena. Wakiweka karatasi hizo mbili pamoja, wanaona mguu umekua. Basi kitu kile si mzimu tena, ni kipimo cha mtoto wa miaka mitatu ambaye hatarudia kuwa wa miaka mitatu. Ndiyo sababu hawatupi. Picha ya telefoni inaonyesha uso, lakini karatasi iliguswa na ngozi yenyewe.

6. Ulozi uko wapi?

Sasa turudilie ulizo letu. Kuna Wakristo wengi, hata Wamarekani, wenye wanakataa Halloween kwa dhamiri yao, na wana haki. Mashule mengine kule yanaacha jina hilo na kufanya paka sikukuu ya mavuno, na maboga na majani bila mizimu. Mzazi Mkongomani wa Lexington ao wa mji mwingine anaweza kwenda kwa mwalimu na kuomba hivyo kwa heshima. Hakuna atakayemfunga.

Lakini tusichanganye mambo. Kofia ya karatasi haimfanyi mtoto kuwa mlozi. Tunasema hivyo kwa nguvu kwa sababu kwetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani, waliopigwa, walionyimwa chakula katika vyumba vya maombi, juu ya ndoto, ao kukojoa kitandani, ao kifo cha mjomba. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inaweka azabu. Picha ya mjukuu ikifika na kofia nyeusi, mkubwa wa jamaa asiseme neno lolote ambalo kesho litamrudia mtoto yule kama jiwe. Baba wa kule anasikia, anaanza kuwaza, mtoto anapata homa, na tayari jina limepatikana.

Historia inatoa mfano mwingine. Mwaka 1950, huko Philadelphia, pasta mmoja, Clyde Allison, na bibi yake Mary Emma walifanya watoto wapite usiku wa Halloween, si kwa kuomba bonbon, bali makuta kwa watoto wenye shida wa inchi zingine. Walipamba vikopo vya karatasi vya maziwa ili makuta yaingie humo. Mara ya kwanza walipata dola 17, wakazituma kwa UNICEF. Baadaye ikawa desturi ya Marekani yote, na vikasha vya karatasi vya rangi ya machungwa vimekusanya zaidi ya dola milioni 100. Usiku ule ule, karatasi ile ile, lakini kazi nyingine.

Mwisho

Tumeona kwamba Halloween ilitoka katika ukumbusho wa wafu, ikabebwa na wakimbizi wa njaa, ikapata karatasi kwa mwalimu mpole aliyefungiwa shule, na wachuuzi wakaiongezea rangi. Kila mtu abaki na uhuru wa kuipenda ao kuikataa.

Lakini desturi ya kuweka kazi ya mkono wa mtoto, hiyo tunaweza kuichukua bila kuchukua mizimu. Watoto wetu wanatengeneza vigari vya waya, watoto wa sanamu wa kibunzi cha muhindi, mipira ya vitambaa, ngoma za makopo. Ni akili kubwa, na tunaifagia pamoja na takataka. Jamaa nyingi za mashariki zilizopita mu vita hazina tena hata karatasi moja ya utoto wa wakubwa wao. Basi, kwa tarehe 1 mwezi wa 8, kisha kutoka makaburini, tukalishe watoto chini na kaye kikuukuu na kalamu. Kila mtoto achore mkono wake, tuandike jina, mwaka na kijiji ambamo jamaa ilitoka, na tuweke karatasi hiyo pamoja na vyeti vya ubatizo na vya masomo. Mwaka unaofuata tuitoe, tupime tena. Walimu wa maternelle wanaweza kuanza hata mwaka huu, haiombi makuta.