Nguvu Isiyoonekana: Habari za Watumishi wa Eksirei

Mtu aliyevunjika mguu akifika hospitalini, hupelekwa katika chumba cha eksirei. Katika Kongo watu wengi husema: kupigwa radio. Mtumishi humlaza mgonjwa juu ya meza, humwambia atulie, kisha yeye mwenyewe huenda nyuma ya ukuta wenye bamba la risasi, ile madini nzito ya kijivu, ndipo anabonyeza kitufe. Wagonjwa wengine hunung’unika: “Kama kitu hiki ni chema, mbona yeye anakikimbia?” Swali hilo si la upuuzi. Jibu lake ni historia ndefu, na watu wengi waliilipa kwa vidole vyao na kwa maisha yao.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu mkuu Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopenya mwili wa mtu. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake: mifupa ikaonekana wazi, na pete kidoleni. Hakutaka kuufanya uvumbuzi huo mali yake peke yake. Aliwaachia watu wote. Mwaka haukupita, mashine zake zikawa zinatumika katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani.

Lakini mionzi hiyo haina rangi wala harufu. Moto humwonya mtu mara moja, mionzi hunyamaza. Watumishi wa kwanza walikuwa wakiijaribu mashine kwa kuweka mkono wao wenyewe mbele yake, siku kwa siku. Baadaye ngozi iliwasha, ikawa nyekundu, ikapasuka. Miaka ilipopita vidonda vikageuka kansa. Clarence Dally, msaidizi wa Edison kule Marekani, alikatwa mikono yote miwili, akafa mwaka wa 1904. Mihran Kassabian, mganga wa eksirei katika mji wa Philadelphia, aliipiga picha mikono yake mwenyewe namna ilivyoendelea kuharibika, ili wengine wajifunze. Naye alikufa mwaka wa 1910.

Tumkumbuke hasa mtawa mmoja, Sista Blandina wa mji wa Köln, Ujerumani. Alianza kazi ya eksirei mwaka wa 1898. Wagonjwa wenye hofu na watoto wasiotulia aliwashika kwa mikono mitupu, picha ipate kutoka vizuri. Kansa ilianza katika vidole vyake. Vikakatwa; kisha mkono wenyewe ukakatwa. Akafa mwezi wa Oktoba 1916, akiwa na miaka 45.

Sasa tuitazame ndugu ya eksirei, ndiyo radiamu. Marie Curie na mume wake Pierre waliigundua Paris mwaka wa 1898. Waganga waliitia ndani ya sindano ndogo, wakazichoma katika uvimbe wa kansa ili kuuua. Hapo Katanga inaingia katika habari hii. Mwaka wa 1915 mawe ya urani yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe hayo yalipelekwa Ubelgiji, na kuanzia mwaka wa 1922 kiwanda cha Olen kilitoa radiamu ndani yake. Muda si muda Ubelgiji ikawa muuzaji mkubwa wa radiamu duniani. Basi sindano nyingi za hospitali za Ulaya asili yake ilikuwa udongo wa Katanga.

Zilisaidia wagonjwa wengi. Lakini wauguzi waliozishika na kuziosha kwa vidole waliumia, na damu ya wengine ikaharibika. Marie Curie mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa damu tarehe 4 Julai 1934. Daftari zake za kazi hutunzwa Paris katika masanduku ya risasi mpaka leo, maana radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu.

Mwaka wa 1928 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Stockholm, wakaunda baraza la kulinda watu na mionzi. Mafundisho yao yanaweza kufupishwa kwa maneno matatu: muda, umbali, kinga. Usikae karibu na mionzi kupita lazima. Simama mbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo tu. Weka risasi katikati yako nayo. Kwa hiyo mtumishi huvaa kifuani kipimo kidogo cha kuhesabu mionzi aliyopata, naye hapaswi kushika mtoto kwa mikono yake kila mara, kama alivyofanya Sista Blandina. Mtoto hufungwa kwa kifaa cha kumtuliza, au mzazi humshika akiwa amevaa aproni ya risasi.

Hilo ndilo jibu la manung’uniko yetu. Mgonjwa hupata mionzi kidogo, mara chache, kwa faida yake. Mtumishi akikaa wazi, ataipata kwa kila mgonjwa, kila siku, miaka yote ya kazi. Hakimbii mgonjwa, anajilinda ili kesho awepo kumhudumia mwingine.

Tena hatari haikai hospitalini peke yake. Mwaka wa 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, mashine ya kutibu kansa iliachwa katika jengo la zahanati iliyohamishwa. Watu waliotafuta vyuma vya kuuza waliibomoa. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong’aa buluu gizani. Jamaa na majirani wakagawana kwa furaha, hata watoto wakauchezea. Watu wanne walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka sita.

Mwaka wa 1936, katika bustani ya hospitali ya Mtakatifu Georg mjini Hamburg, lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu lenye majina 169 ya waganga, wauguzi na mafundi waliouawa na mionzi. Baadaye majina yalipita 350. Wengi wa wale wa kwanza hawakujua hatari. Sisi tunajua, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Basi, mkuu wa hospitali asimpeleke mtumishi chumbani pasipo kipimo, wala asimpe aproni iliyopasuka. Mashine ya zamani isitupwe wala kuuzwa kama chuma kikuukuu. Mama mwenye mimba aseme mapema, kabla ya kulala mezani. Na mtumishi akifunga mlango na kujificha nyuma ya ukuta wake, tumwache afanye hivyo kwa amani: ukuta huo wenzake waliukosa, wakafa.