Nani Alitengeneza Gari la Mabua la Kwanza? Historia ya Michezo ya Watoto Wetu wa Mpakani

Wadau, leo tunawapumzisha mastaa na ndoa zao. Nimeamua kuandika kuhusu watu ambao hawana picha, hawana jina, hakuna redio iliyowahi kuwahoji, lakini kazi zao umezichezea kama ulikulia huku kwetu Ufipa. Naongelea aliyebuni gari la mabua. Aliyechimba kashimo ka kwanza ka mdako. Na yule mama aliyemfunga binti yake gunzi mgongoni akamwambia huyo ndio mwanao, mbembeleze alale.

Kilichonisukuma ni hiki. Kuna mama jirani yangu hapa Kasesya ana kijana wa miaka mitano. Alimpeleka kuanza darasa la awali sehemu fulani, akaambiwa mtoto mzito, hajawa tayari. Kisa? Alipewa penseli za rangi na karatasi yenye picha ya tufaha, apake rangi bila kutoka nje ya mstari. Akatoka nje ya mstari. Mama akarudi amenyong'onyea kama kafiwa. Jioni hiyohiyo yule mtoto mzito alikuwa uani anatengeneza lori la mabua, lina trela inayokata kona, kama yale malori anayoyaona yanasubiri kuvuka kwenda Zambia. Matairi kakata kwenye ndala ya baba yake (kichapo alikipata, lakini hiyo habari nyingine).

Sasa mtoto anayeunganisha trela ikate kona ni mzito wa nini?

Hilo swali lilishaulizwa zamani, tena ng'ambo tu ya mpaka wetu. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia, mwaka 1979 alitoa utafiti uliolinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kule Uingereza. Wote walipewa kazi ya kunakili maumbo, ila kwa njia tofauti. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa waya, wa Lusaka wakawaacha mbali. Kwa udongo wa kufinyanga, ngoma droo. Yaani kama ungewapima kwa penseli peke yake ungesema Waafrika hawajui maumbo. Ungewapima kwa waya peke yake ungesema Waingereza ndio wazito. Watoto ni walewale, kilichobadilika ni kitu walichoshika mkononi na kama wamekizoea au la.

Na wale wa Lusaka walizoea waya kwa sababu kuna watoto waliowatangulia ambao walikuwa wanaokota waya wa fensi na kuukunja mpaka unakuwa gari lenye usukani mrefu, unaliendesha umesimama. Malawi wanaliita galimoto, huku kwetu tunasema gari la waya basi. Nani alianza? Hakuna ajuaye. Ni mtoto fulani aliyeona gari likipita, halafu akaona waya.

Hukohuko Zambia kilitengenezwa kipimo kinaitwa Panga Muntu, maana yake tengeneza mtu. Mtoto anapewa udongo anaambiwa afinyange mtu, halafu wanaangalia kaweka nini: kichwa, shingo, mikono, vidole. Hakuna tufaha pale. Tufaha lenyewe huku kwetu mtoto ataliona wapi, labda kwenye katoni ya juisi.

Tukirudi nyumbani, lazima tuongee kuhusu huu mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ndio uliochora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukawagawa Wamambwe na Walungu, wengine wakabaki huku na wengine kule Mbala. Watu wakapata serikali mbili na hela mbili. Michezo haikugawanyika. Mdako wetu, ule wa kuchimba kashimo, ukivuka tu unaukuta unaitwa chiyato. Ni uleule! Unarusha jiwe moja juu, kabla halijatua ushatoa mawe shimoni kwa mkono huohuo na kulidaka. Ukirusha tena unarudisha yote unabakiza moja. Raundi inayofuata unabakiza mawili, na kuendelea.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mtoto wa miaka mitano ana mawe kumi, anatoa yote, anarudisha tisa, moja linabaki. Hiyo ni hesabu ya kutoa, na anaifanya huku jicho liko juu linafuata jiwe na mkono uko chini unapapasa. Hakuna aliyemwambia kaa vizuri ujifunze. Na akikosea kuhesabu hasahihishwi na mwalimu, anasahihishwa na wenzake wanne kwa kelele. Kwa kuanzia na wadogo, chimba shimo la upana wa bakuli, weka mawe matano laini, na badala ya kurusha jiwe mwache azungushe tu jiwe moja chini huku anatoa mengine. Kurusha kutakuja kwenyewe. Ila angalia asiwe katika umri wa kutia kila kitu mdomoni. Kwa huyo mawe hapana.

Wazungu wao mtu wao wanamjua. Friedrich Froebel, Mjerumani, mwaka 1837 alianzisha kituo cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Alikuwa anawapa mipira ya sufu, halafu tufe, mchemraba na pipa vya mbao, wavishike wajue kipi kinabingirika na kipi kinatulia. Serikali ya Prussia ikaja kupiga marufuku vituo hivyo mwaka 1851. Maria Montessori naye akafungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, watoto wakawa wanajifunza kwa kushikashika vifaa. Siwabezi, walifanya kazi kubwa. Lakini gunzi linabingirika na tofali linatulia, na bibi zetu hawakuwa na mtu wa kuwaandikia kitabu. Wajerumani walipofika kwetu walijenga boma pale Kasanga wakapaita Bismarckburg. Hizo ndizo picha tulizonazo za enzi zile, maboma na wakubwa wa maboma. Mtoto anayefinyanga ng'ombe hakuna aliyemwandikia jina.

Na huku kwetu udongo ulikuwa na heshima zake. Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, na mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu kazi hiyo. Fikiria ni mikono ya namna gani ilijua udongo gani utapasuka kwenye moto na upi utavumilia. Mimi naamini mikono kama hiyo haianzii ukubwani. Hayo ni mawazo yangu, msinikamatie. Ila mtoto aliyekausha ng'ombe wake juani akakuta pembe zimedondoka, kesho ataongeza majani kwenye udongo bila kufundishwa.

Tena wilaya yetu hii ya Kalambo ina sifa ambayo watu hawaitangazi. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba pale maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, yana miaka kama 476,000. Hakuna mbao za kuunganishwa za zamani kuliko hizo zilizojulikana duniani. Jirani yangu mwenye trela ya mabua nilimsimulia, akauliza kama walitumia misumari.

Kwenye makaratasi serikali inaelewa haya mambo. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoingiza elimu ya awali kwenye mfumo rasmi, ya mwaka 2014 ikaifanya ya lazima kwa mwaka mmoja, na walimu wanahimizwa kutumia zana za mazingira: visoda, vijiti, mbegu, maboksi. Kuna walimu wa awali nawavulia kofia, darasa limejaa hadi mlangoni na bado wana kona ya visoda na kona ya udongo. Shida ni sisi wazazi. Mtoto akirudi na matope tunasema hajasoma. Akirudi na daftari lina tiki tunafurahi. Tunaenda Sumbawanga mjini kununua gari la plastiki la betri, linacheza siku tatu betri inaisha, linakuwa takataka. Na mtoto hakujifunza chochote kwenye lile gari zaidi ya kubonyeza.

Kwa anayetaka kuanza wikiendi hii: mahindi yakishavunwa, chukua mabua makavu, menya ganda la nje wewe mwenyewe kwa kisu kwa sababu linakata kama wembe. Ule moyo mweupe wa ndani mpe mtoto. Unachomeka kwa vijiti kama keki. Aanze na kitu chenye miguu minne kisimame, ng'ombe au kiti. Gari baadaye. Waya mwachie mpaka afike miaka saba au nane, ncha zake zinatoboa macho. Gunzi livishe kitambaa, nywele weka zile nyuzi za hindi bichi, halafu mwache mwenyewe alipe jina. Visoda gonga kingo zilale kwanza, ndipo umpe apange kwa rangi, ahesabu, auze duka. Duka ndio linafundisha hela kuliko wimbo wowote, na hapa mpakani watoto wanauza kwa shilingi na kwacha humohumo, mpaka ukiwasikiliza unacheka.

Kuhusu yule kijana, mama yake alirudi tena pale alipokataliwa, safari hii kabeba lile lori kwenye mfuko wa rambo. Mwalimu wa zamu alilishika akalizungusha, akaita wenzake wawili waje waone trela inavyokata kona. Kaambiwa ampeleke mwezi wa kwanza.

Sasa nyie mlioko Laela, Matai, Namanyere, Mpui, na ndugu wa ng'ambo Mbala: mdako kwenu mnauitaje? Na mnaanza na mawe mangapi? Maana hapa Kasesya tunabishana, wengine kumi, wengine kumi na mbili. Tupieni hapo chini.