Kipupwe na Habari za Jirani



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, masika yameaga na kipupwe kimebisha hodi. Kwa muda wa wiki mbili sasa tunaadhimisha Misa ya alfajiri huku ukungu ukiwa umelala hadi mlangoni pa kanisa. Akina mama wanaingia wamejifunika vitenge viwili viwili, wazee wamevaa makoti ambayo mwezi Februari yalikuwa yametundikwa misumarini, na watoto wa Utoto Mtakatifu wanaimba huku pumzi zao zikionekana kama moshi. Atokaye Dar es Salaam hatuamini tukimwambia kwamba hii nayo ni Tanzania.

Baridi hii ina asili yake. Kuanzia Juni upepo wa kusi unaovuma kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya nyanda zetu. Mji wa Karatu upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300 na zaidi. Hewa inapopanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu yanayokaa juu ya msitu mchana kutwa. Mvua ni haba, lakini miti hukamata ukungu na kuudondosha ardhini, na msitu huo ndio unaolisha chemchemi zinazotiririka hadi mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Ng'ambo ya mlima, upande wa Oldupai, upepo hufika ukiwa mkavu. Ndiyo maana majirani wawili wanaoutazama mlima mmoja, mmoja hulima ngano na mwingine huchunga.

Kipupwe ndicho pia majira ya habari. Kazi ya palizi imekwisha, mahindi yanakauka, mbaazi na ngwara bado ziko shambani, na watu hukaa karibu na moto. Katika jumuiya ndogo ndogo, baada ya sala, habari huanza: nani amejifungua, nani amelazwa kwa nimonia, ng'ombe wa nani amepotea katika ukungu, bei ya ngwara ikoje mnadani. Alhamisi iliyopita katika jumuiya mojawapo habari zilipokwisha, bibi mmoja aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha sote: "Na wale jirani zetu wa juu, waliohamia Handeni, wanaendeleaje?" Hakuna aliyejua. Nasi, padre wao, hatukujua.

Swali hilo limetufanya tufungue historia ya ujirani katika milima hii.

Ujirani huo haukuanza kwa upole. Wairaqw, ambao wengi wetu ni uzao wao, waliishi kwanza kusini, katika vilima vya Mama Isara huko Mbulu. Nyumba zao za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, hata mpita njia aweze kupita juu ya paa asijue kama chini yake kuna watu. Hawakujenga hivyo kwa ajili ya baridi peke yake. Walijificha wasionekane na wavamizi wa mifugo, na wavamizi hao mara nyingi walikuwa Wamasai, majirani wa juu. Tusijidanganye kwamba babu zetu walipendana daima.

Hata hivyo, mkasa mmoja uliwaangusha wenye nguvu. Mwaka 1891 ugonjwa wa sotoka uliwafagia ng'ombe wa nchi hizi. Ndui na njaa vilifuata. Machi 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, aliingia katika kreta ya Ngorongoro, na katika kitabu chake ameandika juu ya Wamasai waliodhoofika kwa njaa, wakilizunguka kambi lake kutafuta chochote cha kula. Katika miaka hiyo Wamasai wengi, ambao jana yake waliogopwa, walikimbilia kwa wakulima na kuomba hifadhi. Wengine waliacha watoto wao huko ili wapate kuishi. Mtu aliyechimba nyumba ardhini kwa hofu ya jirani, siku moja alimwona jirani huyo huyo amesimama mlangoni akiwa hana mkuki wala ng'ombe, ana mtoto tu mkononi.

Majirani wengine walikuja kutoka mbali. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf walifuga na kulima ndani ya kreta. Miaka ya 1920 na 1930 Wajerumani wengine walifungua mashamba ya kahawa Oldeani. Vita vya 1939 vilipozuka, serikali ya Waingereza iliwakamata na kuwaweka kizuizini, na mashamba yakabaki mikononi mwa wengine. Baada ya vita hiyo, serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa maendeleo wa Mbulu. Vichaka vya mbung'o vilifyekwa, na familia nyingi za Kiiraqw zikasogea kaskazini kuja Karatu. Basi tukumbuke, wapendwa: karibu kila mmoja wetu hapa ni mjukuu wa mhamiaji. Ardhi tuliyoizoea kama mkeka wa nyumbani, babu zetu waliikuta.

Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 ikaundwa Hifadhi ya Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba 8,292, ambamo binadamu, mifugo na wanyamapori wangekaa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka Ngorongoro katika Urithi wa Dunia. Kilimo kidogo kiliruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Kila sheria ilipobadilika, sisi wa Karatu tuliiona mnadani: mwaka wa marufuku, mbuzi na kondoo wengi zaidi walishushwa kuuzwa ili debe la mahindi lipandishwe mlimani.

Kisha ukaja Juni 2022, mwanzoni mwa kipupwe kama hiki, ambapo kundi la kwanza la kaya lilisafirishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali ilieleza kwamba watu na mifugo wameongezeka kuliko hifadhi inavyoweza kubeba, na kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Wengi wa waliobaki walisema hiari hiyo ilikuwa na mashaka, kwa kuwa huduma zilikuwa zikipungua. Agosti 2024 maelfu walikusanyika barabarani kupinga, na Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimasai Arusha na kuahidi tume mbili za kuchunguza jambo hilo. Si kazi ya ukurasa huu kuamua kesi ya ardhi. Kazi yetu ni ndogo na ngumu zaidi: kukiri kwamba malori yalipopita Karatu yakiwa na vyombo vya watu, wengi wetu tulisimama kando ya barabara, tukatazama, tukarudi kwenye shughuli zetu. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliotazama.

Mlima huu, hata hivyo, unaijua njia nyingine ya kusimama kando ya barabara. Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo la wanafunzi kutoka Arusha liliporomoka korongoni Rhotia. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Watu wa vijiji vya jirani waliteremka korongoni kwa mikono mitupu, na wageni watatu kutoka Marekani, wahudumu wa afya waliokuwa wakipita, walisimamisha safari yao. Watoto watatu waliokolewa, wakapelekwa kutibiwa Marekani, na Agosti ya mwaka huo walirejea nyumbani. Hakuna aliyeuliza siku ile mtoto huyu ni wa kabila gani au wa dhehebu gani. Mwanasheria yule aliyemuuliza Bwana jirani yake ni nani angepata jibu lake pale korongoni, bila maneno.

Tofauti ya siku hizo mbili ni nini? Tumelifikiri hili wiki nzima. Katika ajali tulimwona mtu. Katika malori tuliona habari tu, na habari humpita msikilizaji kama ukungu.

Kwa hiyo Ijumaa tulitafuta namba ya simu ya baba mmoja aliyekuwa akituletea maziwa na ambaye sasa yuko Msomera. Alipopokea alicheka, akauliza kwanza kama kipupwe kimeanza. Tukamwambia ukungu uko mlangoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, huku ni joto. Blanketi langu zito lipo, silitumii. Lakini sijampa mtu." Aliuliza habari za mzee mmoja wa hapa waliyekuwa wakibadilishana mahindi na mbuzi. Tulilazimika kumwambia kwamba mzee huyo tulimzika Machi. Hakuna mtu aliyekuwa amempelekea habari hiyo.

Wapendwa, tangu mwaka 1976 maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipoazimia kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, tumejifunza kuhesabu waliohudhuria. Kipupwe hiki tunaomba kila jumuiya ihesabu pia wasiokuwapo: mgonjwa aliyefungiwa na baridi, mjane ambaye moshi haujaonekana juu ya paa lake, na jirani aliyehama. Mwenye blanketi la ziada alilete ofisi ya parokia. Mwenye namba ya simu ya aliye mbali ampigie kabla ya Dominika, ampe habari za hapa, hata zile za misiba. Yule bibi wa Alhamisi tumekwisha kumpelekea jibu la swali lake, naye ametuagiza tumsalimie baba huyo.

Mungu awabariki, na awapatie usiku wenye moto.

Padre wenu.